Hodi ya Kerneli

Raspberry Pi ya kwanza ilipoingia sokoni Februari 2012, kompyuta yenye ukubwa wa kitambulisho na bei ya dola 35, ilikuwa na namba yake ya usajili: 3138. Namba hiyo haikuchapwa juu ya bodi wala kwenye boksi. Kila umeme ulipowashwa, programu ya kuwashia iliiweka kwenye rejista ya prosesa iitwayo r1, kabla Linux haijafanya lolote. Kerneli, yaani moyo wa Linux, ilipoamka iliichukua namba ile na kuitafuta kwenye orodha yake. Ikiwamo, ilijua imeingia nyumba gani. Isipokuwamo, safari iliishia hapohapo, mara nyingi bila hata neno moja kwenye skrini, maana skrini nayo ni kifaa, na kifaa usichojua kilipo huwezi kukitumia.

Daftari la namba hizo lilitunzwa na Mwingereza Russell King, aliyeanza kuihamishia Linux kwenye prosesa za ARM katikati ya miaka ya 1990. Mwenye bodi mpya aliomba namba, akapewa. Kufikia wakati wa Raspberry Pi zilikuwa zimeshapita elfu tatu. Na namba haikuja peke yake. Bodi iliyotaka kuhudumiwa na kerneli rasmi ilihitaji maelezo yake yaandikwe kwa lugha ya C ndani ya kerneli yenyewe: kifaa gani kiko anwani gani, kimeunganishwa na waya upi, kinapiga kengele ipi kinapohitaji kusikilizwa. Bodi mbili zilizotofautiana kwa taa moja tu ya kuashiria zilihitaji maelezo mawili.

Mtu anaweza kushangaa: kwa nini kerneli iambiwe? Kwa nini isijitazamie yenyewe?

Kwenye baadhi ya vifaa inajitazamia. Njia ya PCI, iliyotoka Intel mwaka 1992, ina adabu ya wenyeji wema. Kerneli hupiga hodi kila mlango, na kifaa kilichopo hujibu kwa namba mbili, ya mtengenezaji wake na ya kwake mwenyewe. Hata USB ni hivyo. Draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, husubiri kusikia namba inayoifahamu, na ikiisikia huchukua kazi. Lakini ndani ya chipu ya simu, au kwenye bodi ya ruta iliyoko juu ya kabati la ofisi, vifaa vingi havijibu hodi. Kipima joto kimening'inia kwenye nyaya mbili za I2C na hakijui kujitaja. Saketi ya kutuma herufi moja moja imekaa kwenye anwani fulani ya kumbukumbu, kimya. Ukipapasa anwani isiyo na kitu, kwa bahati njema utapata sifuri. Kwa bahati mbaya mashine nzima itaganda. Kerneli katika nyumba ya namna hii ni sawa na fundi umeme aliyeingia usiku: stadi zote anazo, ila lazima mwenyeji amwonyeshe swichi kuu iko ukuta gani.

Kwa hiyo swali lililowasumbua waandishi wa draiva kwa zaidi ya miaka thelathini ni la utambulisho. Mwenyeji ni nani, anazungumza lugha gani, na draiva ifanye nini wenyeji wanapokuwa wawili na lugha zao hazifanani?

Kompyuta ya IBM ya Agosti 1981 ililikwepa swali hilo kwa njia ya ajabu kidogo: mashine zote zilifanana. Ilikuwa na BIOS kwenye chipu yake, na wengine walipoanza kuinakili, Compaq wakiwa miongoni mwa wa mwanzo, walinakili mpaka anwani. Kibodi ilikaa 0x60, bandari ya kwanza ya mfululizo ikakaa 0x3F8, huku na kule, mwaka nenda mwaka rudi. Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux mwaka 1991 juu ya prosesa ya 386, hakuhitaji kuambiwa kibodi iko wapi. Desturi ilikuwa imeshasema.

Waliolichukulia swali kwa uzito walikuwa Sun, watengenezaji wa kompyuta za SPARC huko California. Mhandisi wao Mitch Bradley alitengeneza programu dhibiti iliyoandikwa kwa Forth, lugha ndogo inayotosha kwenye kumbukumbu finyu, nayo ikatoka na SPARCstation ya 1989. Mashine iliyosimamishwa kabla ya mfumo wake kupanda ilikuonyesha neno moja tu, ok, na hapo ungeweza kuzungumza nayo. Jambo kubwa zaidi lilikuwa chini ya neno hilo: programu dhibiti ilijenga mti. Shina ni mashine yenyewe, matawi ni njia za mawasiliano, majani ni vifaa, na kila jani lina sifa zake zilizoandikwa, anwani yake, kengele yake, jina lake. Mwaka 1994 mpango huu ukawa kiwango cha IEEE chenye namba 1275, kwa jina la Open Firmware, na Apple na IBM wakautumia kwenye mashine zao za PowerPC. Ndani ya Linux, kazi za kusoma mti huo zilipewa majina yanayoanza na herufi of_, kifupi cha Open Firmware. Zinaanza hivyo mpaka leo, hata kwenye mashine ambazo hazijawahi kuiona Forth.

Upande wa Intel mambo yalikwenda kwingine. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walitoa kiwango kiitwacho ACPI. Kilichowasukuma ni umeme: kompyuta za mkononi zilikuwa zinalala na kuamka ovyo, na mpango wa zamani wa APM ulimwachia BIOS afanye atakalo bila kuushirikisha mfumo endeshi. ACPI nayo ina majedwali yanayoeleza vifaa. Lakini ndani ya majedwali hayo mna programu pia, iliyofungwa kwa lugha iitwayo AML, ambayo kerneli huiendesha bila kuhoji. Ukitaka kukizima kifaa, unaiita kanuni ya mwenyeji, naye anakizima kwa njia anazozijua mwenyewe.

Tofauti hii ndiyo kiini cha ugumu wote, kwa hiyo niiseme kwa utulivu. Mti wa vifaa ni ramani. Unaeleza kila kitu mpaka saa gani inalisha kifaa gani na umeme wake unatoka kwenye kirekebishaji kipi, kisha unakuachia kazi: draiva iwashe saa, ipandishe umeme, ifungue mlango. ACPI ni mlinzi mwenye funguo kiunoni. Hakuonyeshi nyaya; anakufungulia. Draiva iliyozoea ramani, ikimkuta mlinzi, itatafuta saa ya kuwasha isiione. Iliyozoea mlinzi, ikipewa ramani, itakaa kumsubiri mtu asiyekuja. Ndiyo maana kuandika draiva moja kwa ajili ya wote wawili si suala la kutafsiri majina tu.

Mti wenyewe karibu ufe pamoja na mashine zilizouzaa. Bodi nyingi ndogo za PowerPC, za ruta na mitambo ya viwandani, hazikuwa na Open Firmware, maana zilikuwa finyu mno. Mwaka 2005 Benjamin Herrenschmidt, aliyekuwa miongoni mwa watunzaji wa PowerPC, akaja na wazo ambalo kwangu ni la kipaji: uuchukue mti, uachane na Forth. Mti uandikwe kwenye faili la kawaida la maandishi, ubanwe uwe kifurushi kimoja cha baiti, na programu ya kuwashia iukabidhi kwa kerneli kama mtu anavyokabidhi barua ya utambulisho. David Gibson aliandika kompaila ya kuubana. Kifurushi hicho huanza na baiti nne ambazo kwa hesabu ya kumi na sita husomeka d00dfeed, na anayechungulia kumbukumbu ya mashine iliyokataa kuwaka hufarijika sana kuziona, kwa sababu walau barua imefika. Msimbo wa zamani wa PowerPC ulioishi kwa orodha za bodi uliondolewa kwenye kerneli mwaka 2008.

ARM waliona, wakaendelea na daftari lao. Siwalaumu sana. Walikuwa na haraka ya soko. Simu ya kwanza ya Android ilitoka 2008, na kuanzia hapo kila mtengenezaji wa chipu alikuja na chipu zake, na kila mtengenezaji wa simu na bodi zake. Wahandisi wa kampuni hizi, kila mmoja kwenye chumba chake, walinakili folda ya mwenzao, wakabadilisha namba, wakatuma. Chini ya folda ya arch/arm zikajaa folda za mach kwa makumi, zenye draiva zinazofanana kama mapacha huku zikiitwa majina tofauti. Na kwa sababu maelezo ya bodi yalichanganywa na msimbo, kerneli iliyojengwa kwa chipu ya kampuni moja haikuweza kuwaka kwenye chipu ya kampuni nyingine. Aliyetaka kutoa Linux kwa ARM alilazimika kujenga kerneli nyingi na kuzitunza zote.

Machi 2011, wakati wa kupokea mabadiliko ya toleo la 2.6.39, Torvalds alifika mwisho wa subira. Alilalamika kwa maneno makali, nisiyoweza kuyaandika hapa, kwamba watu wa ARM wanagongana kwenye faili zilezile na kuongeza takataka isiyo na maana. Lilikuwa karipio la hadharani na liliwauma watu waliokuwa wakifanya kazi usiku na mchana. Lakini lilisikika. Arnd Bergmann na Olof Johansson walianzisha tawi moja ambalo mabadiliko yote ya chipu za ARM yangepitia kabla ya kumfikia Torvalds. Grant Likely, ambaye tangu enzi za PowerPC alikuwa akiuhudumia mti wa vifaa, akapata wasikilizaji aliokuwa akiwatafuta. Maelezo ya bodi yakaanza kuhamishwa kutoka C kwenda kwenye faili za mti, bodi moja baada ya nyingine, kazi ya mikono isiyo na sifa yoyote. Toleo la 3.7 lilipotoka Desemba 2012, kwa mara ya kwanza kerneli moja ya ARM iliweza kuwaka kwenye chipu za kampuni kadhaa tofauti. Namba hazikuhitajika tena kwa bodi mpya.

Hadi hapa ni habari ya mashine. Sasa tuingie ndani ya draiva yenyewe, na nitachukua moja tu ambayo nimeisoma mara nyingi.

Kampuni ya Synopsys haiuzi chipu. Huuza michoro ya saketi, ambayo wengine huinunua na kuipachika ndani ya chipu zao. Mmoja wa michoro hiyo ni wa kidhibiti cha I2C, nao hupatikana kila mahali: kwenye chipu za ARM, kwenye prosesa za Intel, kwenye za AMD. Draiva yake ya Linux ilianza mwaka 2009, ikiwa faili moja lililotoka kampuni ya Israel iitwayo Provigent, lililojengwa juu ya draiva ya zamani ya Texas Instruments. Faili hilo lilifanya kila kitu: lilipokea anwani kutoka kwa bodi, likawasha saa, likahesabu muda wa mawimbi, likatuma na kupokea baiti.

Kisha Intel wakapachika mchoro uleule nyuma ya mlango wa PCI. Saketi ilikuwa ileile, rejista zilezile, ila mwenyeji alikuwa mwingine. Njia rahisi ilikuwa kunakili faili lote na kubadilisha sehemu ya mwanzo. Njia ya pili, rahisi pia, ilikuwa kutia vichochoro vya "kama ni PCI, fanya hivi" kila sehemu. Mwaka 2011 Dirk Brandewie wa Intel alichagua njia ya tatu, akalipasua faili mara tatu. La kwanza, kiini, linajua rejista na mawimbi ya I2C, basi. La pili linajua kuipokea saketi kutoka kwa maelezo ya bodi. La tatu linajua kuipokea kutoka PCI. Mawili haya hukusanya yanayohitajika, anwani, kengele, mwendo wa saa, ukubwa wa ghala la baiti zinazosubiri, huyaandika kwenye fomu moja, na kuikabidhi kwa kiini. Kiini hakiulizi fomu imejazwa na nani.

Thamani ya mpasuo ule ilionekana 2013. Prosesa mpya za Intel zilikuja na saketi ileile isiyojitaja kwa PCI. Ilitambulishwa na ACPI kwa majina kama INT33C2 na INT33C3. Upande wa mti wa vifaa ilikwishaitwa snps,designware-i2c. Kilichohitajika ni orodha ya pili ya majina kwenye faili la pili. Mwaka huohuo likafuata jambo dogo la mawimbi: mwenye mti huandika sifa ya muda wa kushikilia waya wa data, na draiva hukokotoa yaliyobaki kutokana na mwendo wa saa; mwenye ACPI ana kanuni ziitwazo SSCN na FMCN, ambazo ukiziita hukurudishia namba zikiwa zimeshakokotolewa na aliyepima bodi ile. Ramani na mlinzi, kwa mara nyingine. Tofauti hiyo iliishia mlangoni, kwenye kujaza fomu. Mistari inayotuma baiti haikuguswa kwa sababu yake.

Kwa maoni yangu faili zile tatu zilifundisha zaidi kuliko karipio lolote. Ila si kila draiva inastahili kupasuliwa. Draiva ya kuwasha taa ndogo ya bodi ina mistari michache. Ukiipasua mara tatu, kuta zitakuwa nyingi kuliko vyumba. Na draiva kama hizo zipo mamia, zikihitaji kusoma sifa moja au mbili tu: waya upi, jina gani, iwake mwanzoni au isiwake. Hapo ndipo Rafael Wysocki, mtunzaji wa ACPI ndani ya Linux, pamoja na Mika Westerberg na wenzao wa Intel, walipoingia. ACPI 5.1 ya mwaka 2014 ilikuwa imeruhusu kifaa kibebe sifa zenye majina, karibu kama jani la mti linavyobeba. Wao wakaandika tabaka moja la kuulizia: draiva husema device_property_read_u32, hutaja jina la sifa, na tabaka ndilo linalojua kama jibu litatoka kwenye mti au kwenye ACPI. Lilitoka na toleo la 3.19 Februari 2015. Draiva za kwanza kuhamia zilikuwa ya taa na ya vitufe, leds-gpio na gpio_keys_polled. Ndani ya kazi hiyohiyo mlikuwa na jina la ajabu, PRP0001, ambalo kwa ACPI lina maana moja tu: kifaa hiki kitafutie draiva kwa jina lake la mti.

Wapo walioogopa, na hofu yao ilikuwa na msingi. Kama mtengenezaji ataumwaga mti wote ndani ya ACPI, mlinzi atabeba ramani asiyoifuata, na vurugu itarudi kwa mlango wa nyuma. Hofu iliongezeka kwa sababu wakati uleule ACPI ilikuwa inabisha hodi kwa ARM. Wauzaji wa seva za ARM walitaka mfumo uliotolewa leo uwake kwenye mashine itakayotengenezwa kesho, na Windows ilitaka ACPI. Watunzaji wa ARM ya biti 64 walisitasita, wakadai vipimo, wakadai maandishi. Grant Likely, mtu wa mti, ndiye aliyeandika Januari 2015 kueleza kwa nini seva zikubaliwe na ACPI yao. Toleo la 4.1 likaipokea katikati ya mwaka huo, kwa sharti lililomo hadi leo: kerneli hiyo ikikabidhiwa mti uliojaa na ACPI kwa pamoja, na isilazimishwe, husoma mti.

Kuna mashine moja ambayo imekusanya historia hii yote, nayo iliwahi kukaa mapajani mwa watoto wa shule nchini Rwanda kwa maelfu. Ni XO, ile kompyuta ya kijani na nyeupe ya mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Prosesa ya toleo lake la kwanza ilikuwa ya ukoo wa Intel, iliyotengenezwa na AMD, lakini haikuwa na BIOS ya kawaida. Mitch Bradley mwenyewe ndiye aliyeiwekea Open Firmware. Kerneli iliyotarajia tabia za kompyuta ya IBM ilijikuta imekaribishwa na neno la SPARC, ok, na ikabidi ifundishwe kuusoma mti ule.

Baadaye draiva ya betri nayo ilihamishiwa kwenye mti, ikawa inaitafuta betri kwa jina olpc,xo1-battery. Mashine zilizokuwa zimeshagawiwa hazikuwa na jina hilo kwenye miti yao, kwa sababu programu dhibiti yake ilikuwa imeandikwa kabla jina halijafikiriwa. Hakuna aliyeweza kupita shule hadi shule kubadilisha chipu. Kwa hiyo mistari michache iliongezwa kwenye kerneli. Inapowaka juu ya XO, inalitazama jani la betri. Jina lisipokuwapo, kerneli inatunga sentensi ya Forth na kuirudisha kwa programu dhibiti iendeshwe: mtafute battery@0, mwongezee jina hili, funga. Programu dhibiti inatii, na draiva inapokuja kutafuta betri, inaikuta ina jina.